Pango la Kila Mwezi

Tarehe tisa Agosti mwaka jana, saa nane mchana, tulimzika shangazi yangu Gaudensia kijijini kwetu, upande wa njia iendayo Kate. Siku hiyo nilimpoteza shangazi, na nikampoteza pia mtu wa mwisho aliyekuwa akiniita Karani. Sijawahi kuwa karani wa ofisi yoyote. Niliishia darasa la saba, na maisha yangu yote nimeuza maharage na sabuni. Jina hilo lilitokana na kosa moja nililolifanya nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa kalamu ya bluu, juu ya karatasi yenye mistari. Shangazi alinisamehe siku ileile lilipojulikana, lakini jina hakulifuta. Aliniita hivyo mbele za watu, kwenye simu, hata hospitalini wiki ya mwisho, alipomwambia muuguzi, "Mwachie Karani hiyo fomu, ila msimamie." Muuguzi hakuelewa kwa nini tulicheka. Sasa hakuna wa kunicheka tena, na kosa nimebaki nalo peke yangu. Ndiyo maana nimekaa kuliandika.

Mwaka wa tisini na tatu nilikuwa nakaa kwa shangazi, mtaa wa Mazwi, pale mjini Sumbawanga. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne kwa mstari mmoja, milango yote ikitazama uani. Kimoja tulilala sisi wawili, vitatu alipangisha. Matofali yake aliyachoma mwenyewe, na kila chumba kilikuwa na historia aliyoisimulia kwa mpangaji mpya kabla hajampa ufunguo. Chumba cha pili ndicho kilichokuwa na historia ndefu, kwa sababu ya mlango. Ulikuwa mlango wa mninga, mzito, uliokatwa upande wa chini ili uingie kwenye fremu. Zamani ulikuwa mlango wa nyumba yake ya kwanza, kule kijijini kando ya kijito, kabla watu hawajahamishwa kwenda kwenye vijiji vya pamoja. Siku ya kuhama aliambiwa achukue anachoweza kubeba. Aling'oa mlango, akaubeba kichwani. Nyumba ilibomolewa nyuma yake naye hakugeuka kutazama, au ndivyo alivyosema. Baada ya hapo hakutaka kusikia neno ujamaa. Likitajwa redioni alizima redio. Mtu akimwomba chumvi na kusema, "Tugawane tu, mama, sisi ni ndugu," alimpa chumvi, kisha akamwambia aache siasa.

Miezi ya Juni na Julai Sumbawanga ni baridi kali. Upepo unashuka uwandani ambako hakuna mti wa kuuzuia, na sisi tulikuwa tunakula mapema, jua bado liko juu ya mabati, tukiwa tumelizunguka jiko la mkaa. Mpangaji wa chumba cha kwanza alikuwa Hamisi, mchuuzi wa samaki kutoka Wampembe, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Alikuwa akipandisha dagaa na migebuka kutoka ziwani, akikaa mjini siku kumi mpaka mzigo uishe, kisha akishuka tena. Chumba chake kilinuka samaki hata akiwa hayupo. Shangazi alilalamikia harufu hiyo kila siku, na kila Hamisi alipochelewa kurudi, alikuwa akisimama mlangoni mwa chumba hicho kama mtu aliyesahau alichokifuata.

Baada ya Pasaka alikuja mpangaji wa chumba cha pili, Bwana Festo, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye redio na sanduku la mawe. Alitoka kaskazini. Alikuwa mtumishi wa kampuni iliyotaka kuchimba mawe ya kijani kwenye mlima wa kijiji chetu, ule ambao miguuni pake shangazi alikuwa bado na shamba. Festo alimweleza kwamba bosi wake ni mwekezaji. Neno lilikuwa jipya kwetu.

"Mwekezaji ndiyo nini? Tajiri?" shangazi aliuliza.

"Ni mtu anayeweka pesa yake mahali, mama, ili izae."

"Basi na mimi ni mwekezaji. Yangu niliiweka kwenye haya matofali. Karibu ndani."

Walipendana tangu siku hiyo. Festo naye alikuwa na lake moyoni. Mama yake alisimama foleni ya sukari kutwa nzima akiwa na mimba kubwa, akarudi na nusu kilo na homa, na mtoto hakupona. Alinisimulia hayo siku moja nikiwa nafua, bila kuulizwa, akiangalia povu. Kwa hiyo wawili hao, mzee na kijana, walikaa jikoni wakiusema vibaya ujamaa kama watu wengine wanavyomsema jirani, na Hamisi akiwachokoza. Nilikuwa nachambua maharage huku nasikiliza. Nikikumbuka furaha ya mwaka ule, naona mikono ya shangazi ikitenganisha maharage na vijiwe, na vijiwe vikidondoka kwenye bakuli la bati.

Jumapili moja baada ya misa tulikuwa tunakula ugali wa ulezi na migebuka mikavu iliyoungwa kwa karanga. Habari zilikuwa zimefika kutoka kijijini kwamba watu wanauliza watapata nini mlima ukichimbwa. Mwaka ule mbolea ilikuwa imepanda bei kwa sababu serikali ilikuwa inaacha kuwapunguzia wakulima bei, na mahindi ya kwetu bila mbolea yalikuwa yanatoka mafupi, ya njano. Wazee walitaka kampuni itoe fungu katika mapato, kila kaya inunuliwe mbolea. Festo alikuwa amelipeleka ombi hilo kwa bosi wake na likarudishwa.

"Wakubwa wamekataa," alisema. "Na mimi, mama, kusema kweli nawaelewa. Mtu hajachimba, hajaweka senti, hajui hata jiwe lenyewe linafananaje, halafu anyooshe mkono apewe fungu. Huo si ndio ujamaa tulioukimbia?"

Hamisi alinyonya mwiba. "Kwetu ziwani, tukirudi asubuhi, samaki wanagawanywa. Wavuvi wana fungu lao. Mwenye mtumbwi ana fungu. Nyavu zina fungu. Hata taa ina fungu, na taa haili ugali."

"Taa ilinunuliwa, Bwana Hamisi. Mlima nani aliununua?"

Hamisi akachukua tonge. Festo akamgeukia shangazi ili amuunge mkono, maana hayo yalikuwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyasema. Shangazi alikuwa akitazama ule mlango wa mninga ng'ambo ya ua.

"Festo, mwezi huu umenilipa?"

"Nimekulipa mama, tarehe mosi."

"Kwa kazi gani niliyokufanyia? Nimekutandikia kitanda? Nimekupigia pasi? Unatoka asubuhi na mawe yako, unarudi jioni na mawe yako. Mimi niko hapa, nimekalia kigoda. Mwezi ukifika nanyoosha mkono. Kwa hiyo mimi ni mjamaa?"

Hamisi alipaliwa. Ilibidi nimpige mgongoni.

"Mama, nyumba uliijenga," Festo alisema, naye akicheka.

"Nyumba nilijenga. Na kiwanja? Kiwanja nilikiumba? Nilikikuta. Ila nilikuwepo kabla yako, na unalala juu yake, na ukiondoka utaniachia kimechakaa. Ndiyo maana unanilipa. Nenda kamwambie bosi wako hakuna anayemwomba ujamaa. Sisi na ujamaa tulishaachana. Wale watu wanataka kodi."

Festo aliweka tonge chini. Namkumbuka hivyo hasa, uso wake ukiwa wazi, kama mwanafunzi aliyeelewa hesabu. "Hapo umenishika, mama," alisema. "Kodi ni biashara. Kodi naweza kwenda kuitetea." Na alienda kuitetea. Bosi akakubali kwa mdomo, akasema kijiji kikae, kiandike muhtasari, upigwe muhuri, ndipo uchimbaji uanze.

Mkutano ulikuwa Juni, kwenye uwanja wa shule ya kijiji. Shangazi alifunga nyumba, tukapanda lori la mahindi, yeye mbele na dereva, mimi na Festo juu ya magunia tukiwa tumejifunika turubai. Mwenyekiti alikuwa Mzee Desideri, mtu mpole mwenye koti la jeshi lisilo na vifungo. Watu walikaa juu ya nyasi, wanaume huku, wanawake kule. Mazungumzo yote yalikuwa ya Kifipa mpaka shangazi aliposimama, akapiga makofi ya salamu, akasema kwa Kiswahili ili Festo asikie: "Ndugu zangu, mimi nasema hivi. Mlima huu uwe na kodi."

Sijawahi kuona mkutano ukivurugika haraka vile. Shangazi alikuwa amekaa Mazwi miaka mingi, na Mazwi kodi ni ile anayoleta mpangaji. Kijijini hakuna aliyewahi kupanga chumba. Kodi waliyoijua wao ilikuja na mgambo, na asiyekuwa na risiti alilala porini. Mwanamke mmoja nyuma yetu alipiga kelele, "Ya kichwa walilipa baba zetu, ya maendeleo tunalipa sisi, leo na ya mlima?" Mzee mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa mteremkoni aliondoka kabisa, nadhani kwenda kuhesabu hatua kutoka mlimani hadi mlangoni kwake. Mzee Desideri alisimama, akashika koti lake kifuani.

"Gaudensia, dada yangu. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma! Hamlipi ninyi! Mnalipwa!"

"Tangu lini kodi ikalipwa kuja huku?"

Watu wakacheka, na kicheko kikampa nafasi. Akaanza upya, taratibu, kwa Kifipa. Akaeleza vyumba vyake, Hamisi na harufu yake, Festo na mawe yake, na jinsi kila mwezi wanavyomletea kitu mkononi. Alipofika kwenye jina la kitu hicho alisita, kwa sababu kodi lilikuwa limeshaharibika. Akachukua lile neno jingine la Mazwi. "Kinaitwa pango," alisema. "Tuwaambie watupe pango."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Pango. Miaka mingi baadaye nilijiuliza ni wangapi siku ile walielewa pango la nyumba, na ni wangapi walielewa shimo, kwamba kampuni itachimba pango na italipa kwa ajili ya pango hilo. Maana zote mbili ziliwafikisha mahali pamoja, kwa hiyo hakuna aliyeuliza.

Likabaki la nani ahesabiwe. Mtu mmoja alisema wapewe wenyeji tu, hawa waliokuja na ng'ombe wasihesabiwe. Alikuwa anamsema Masanja, mfugaji aliyehamia kwetu na mkewe kutoka kaskazini-magharibi, na ambaye alikuwa amesimama pembeni kabisa, ameegemea fimbo. Shangazi alikuwa bado hajakaa.

"Huyu ana miaka minne hapa," alisema. "Mchango wa darasa alitoa, tena alitoa kabla yako wewe unayesema. Festo ana miezi miwili kwangu na mtu akigusa godoro lake nitapigana. Mkazi ni anayekaa. Au mnataka turudi kwenye kuambiwa nani akae wapi? Mimi nilishabeba mlango mara moja."

Mikono ikanyooshwa. Masanja akahesabiwa. Alivua kofia, akapiga magoti kidogo kuelekea upande wa wanawake, kwa adabu ya kwao, na vijana wakacheka kwa kuwa hawakuwa wameizoea. Yeye hakujali.

Katibu wa kijiji aliandika yote kwa penseli kwenye daftari la shule, mwandiko uliopanda na kushuka. Mzee Desideri aliona aibu kulipeleka hivyo mjini. Akaniita. "Resti, wewe una mwandiko mzuri. Nakili vizuri, nakala mbili. Iwe ukurasa mmoja, muhuri ukae chini." Nilijivuna sana. Kesho yake, Mazwi, nilipangusa meza, nikaweka karatasi ya kaboni, nikaandika kwa herufi za kulala kama tulivyofundishwa. Daftari lilisema: Kampuni ichimbe mlima, na kijiji kipewe pango la kila mwezi kwa ajili ya mbolea ya kila kaya. Nilipofika hapo mistari ilikuwa imebaki mitatu, na majina ya wajumbe yalikuwa bado, na muhuri. Mbolea nilikuwa nimeshaitaja juu. Na hayo maneno ya kila mwezi, nikayaona ya ziada. Huu ndio ukweli wenyewe na sina namna ya kuupamba. Nilikuwa nimekaa nyumba ya kupangisha tangu Januari. Kwangu mimi pango lilikuwa la kila mwezi kama jua lilivyo la kila siku, na hakuna anayesema jua la kila siku. Nikaandika: Kampuni ichimbe mlima, na kijiji kipewe pango. Nikaweka nukta. Ikatosha vizuri, na muhuri ukapata nafasi yake.

Mzee Desideri aligonga muhuri. Festo aliisoma, akasema mwandiko wangu ungenipatia kazi benki. Naye alikuwa mtu wa nyumba ya kupangisha kama sisi, hakuona kilichopungua. Shangazi hakujua kusoma sana, ila aliishika karatasi kwenye mwanga wa mlango akaitazama kwa muda, akasema, "Mstari wetu ni upi?" Nikamwonyesha kwa kidole.

Walianza kuchimba Julai. Oktoba, kabla ya mvua, kijiji kilianza kusubiri mbolea. Festo aliandika barua kwa bosi mara mbili, ya tatu aliipeleka mwenyewe. Alirudi mikono mitupu, akala kidogo. Mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zimeshanyesha, Mzee Desideri na wajumbe wawili walikuja Mazwi kwa miguu na kwa lori, na bosi mwenyewe alikuwa amefika na gari jeupe. Walikutana uani kwetu, saa tano asubuhi, kwa sababu Festo aliomba iwe hapo. Nadhani alifikiri mbele ya shangazi bosi angeona haya.

Bosi hakuwa mtu mkali. Aliwaamkia wazee shikamoo, akakubali kigoda. Mzee Desideri akaeleza kwamba miezi imefika minne na pango halijaletwa. Bosi akatoa muhtasari wetu kwenye faili la plastiki, akausoma, kisha akatabasamu.

"Wazee wangu, mimi nafuata karatasi. Karatasi imesema kampuni ichimbe, kijiji kipewe pango. Sasa si ndiyo tunalichimba? Pango lenu lile pale. Tukimaliza tunawaachia lote, hatubebi."

Dereva wake alicheka. Mzee Desideri alimtazama Festo, kama mtu anayesubiri kutafsiriwa.

"Bosi, maana yake ilikuwa kodi," Festo alisema. "Kodi ya kila mwezi. Mimi nilikuwepo."

"Kila mwezi iko wapi hapa?"

Shangazi alisema nipewe nisome kwa sauti. Nikasoma. Nilipofika kwenye nukta nilisikia mwenyewe kilichokosekana. Nikasema, "Lilikuwepo. Kwenye daftari lilikuwepo. Mimi ndiye niliyeliacha, nafasi ilikuwa imeisha." Sikulia. Bosi aliichukua karatasi mkononi mwangu taratibu, akairudisha kwenye faili, na nakumbuka alifunga kifungo cha faili kwanza kabla ya kuinuka. Akaaga vizuri. Gari likaondoka.

Hakuna aliyenigombeza. Mzee Desideri alivuta koti lake, akasema, "Basi, tumepewa," na mjumbe mmoja akatema mate kwenye majivu. Mimi nilikimbilia jikoni, kwa kuwa ndipo palipokuwa na moshi, na mtu akiwa na machozi kwenye moshi haulizwi. Shangazi alikataa wazee waondoke na njaa. Nilikuwa nimebandika maharage, nikasahau kuongeza maji, nikakaa nimeukumbatia mwiko bila kuona kitu. Ndipo nikasikia sauti yake kutoka uani, kubwa, ya kawaida kabisa:

"Karani! Maharage yanaungua!"

Mzee Desideri ndiye aliyecheka kwanza. Tuliyala yakiwa yameungua. Hamisi, aliyekuwa amerudi asubuhi ile kutoka Wampembe, alitoa migebuka miwili bila kudai kitu, akasema hilo ni fungu la taa.

Festo alihama Disemba. Mawe yalikuwa machache na mabovu kuliko walivyotegemea, kampuni ikafunga. Alilipa mwezi mzima wakati alikuwa amelala siku tisa tu. Shangazi alitaka kumrudishia, akakataa. "Kodi ni kodi, mama." Alisimama mlangoni pa chumba cha pili, akagusa ule mninga kwa kiganja, kisha akabeba sanduku. Mpaka anakufa, shangazi akitaka kumsifu mtu alisema, "Huyo ni mpangaji mzuri, kama Festo," na hakujali kwamba wengi aliowasifu hivyo walikuwa na nyumba zao.

Kijijini msimu ule walilima bila mbolea. Walirudia matuta ya zamani, yale ya kufukia majani na kuyaacha yaoze, ambayo akina mama bado waliyajua. Maharage na ulezi vilitoka vizuri. Mahindi hayakutosha, na kuna watoto walioacha shule mwaka uliofuata kwa sababu hiyo. Nawajua kwa majina, na wawili kati yao sasa ni wateja wangu. Wananiamkia vizuri. Sijawahi kuwaambia kuhusu ile nukta, ingawa nadhani wanajua.

Mara nyingi nimelifikiria swali la Festo, kama kumpa mtu fungu la mlima anaokaa chini yake ni ujamaa. Sina elimu ya kulimaliza. Watu wenye elimu wamelizungumza redioni miaka yote hii na naona nao hawajalimaliza. Najua tu kwamba shangazi alinyang'anywa nyumba kwa jina la kugawana, na kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyesimama kwenye nyasi akisema Masanja ahesabiwe, na hakuona kwamba hayo mawili yanagombana. Zamani nilidhani hakufikiri vya kutosha. Siku hizi sidhani hivyo.

Shimo la kampuni lilijaa maji msimu wa tatu wa mvua. Shangazi alipozeeka aliniachia nyumba ya Mazwi, akarudi kijijini, na wa kwanza kumtembelea alikuwa Masanja, na dumu la lita tano la maziwa mgando. "Mama," alimwambia, "ng'ombe wangu wanakunywa kwenye pango lenu. Nimeleta pango." Alidhani mkataba ule ulikuwa bado unafanya kazi, au alijifanya kudhani hivyo, sijui mpaka leo. Alileta tena mwezi uliofuata, na mwezi uliofuata. Katika watu wote waliokuwa kwenye uwanja wa shule, yeye peke yake ndiye aliyewahi kuulipia mlima ule. Shangazi hakuyanywa peke yake. Alichukua kikombe chake cha bati, akapita nyumba kwa nyumba, kila kaya kikombe kimoja, hakuna kuzidishiwa. Nilimkuta siku moja akifanya hivyo, nikamwambia, "Shangazi, huu si ujamaa?"

"Nyamaza, Karani. Hili ni pango."

Asubuhi ya tarehe kumi Agosti, kesho yake baada ya mazishi, nilikuwa nafagia uwanja wa nyumba yake. Masanja alikuja kwa njia ya mlimani, mzee sasa, anatembea kwa fimbo kweli, dumu mkono wa pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Poleni tena." Aliweka dumu kizingitini. "Mwezi umefika."

Nikamwambia, "Mwenyewe hayupo."

"Najua," alisema. "Lakini ng'ombe wameshakunywa."

Hakukaa. Nilimsindikiza kwa macho mpaka alipopita mahindi makavu ya jirani. Kisha niliingia ndani, nikakitoa kikombe cha bati kwenye msumari, nikaanza na nyumba iliyokuwa ya Mzee Desideri. Aliyefungua alikuwa mkwe wake, mgeni kwangu, ameolewa hapo karibuni. Alinyoosha bakuli, akapokea, akauliza ni maziwa ya nini.

Nikamwambia, "Ni pango. La kila mwezi."